Alama ya kuvunjwa: jinsi seli inavyochagua protini za kuondoa

Mtu mzima mwenye afya akila vizuri, posho (ugali) na maharagwe mchana, mukene (dagaa) au mchuzi wa karanga jioni, huingiza mwilini gramu 60 hadi 80 hivi za protini kwa siku. Siku hiyo hiyo mwili wake hutengeneza protini mpya zipatazo gramu 250 hadi 300. Hesabu hiyo haikubali mpaka utazame upande wa pili: kila siku mwili huvunja protini zake zenyewe kwa kiasi kinachokaribia hicho, na vipande vinavyobaki, yaani asidi amino, hurudi kujenga protini nyingine. Sehemu kubwa ya misuli, ini na damu uliyojengewa leo imetokana na protini yako ya jana.

Mimi ni mwalimu wa biolojia hapa Kampala, na naona kwamba tunafundisha nusu ya habari. Ujenzi wa protini tunaumalizia vipindi vingi: DNA, RNA, ribosomu, michoro ubao mzima. Uvunjaji unapata sentensi moja, tena ya haraka, kana kwamba protini huzeeka na kuanguka zenyewe. Ni hasara, kwa sababu magonjwa yanayojaza wodi zetu, saratani ya mlango wa kizazi, VVU na malaria, hayaeleweki sawasawa bila habari hii. Seli haivunji ovyo. Kila protini inayoondolewa imechaguliwa, na kuna virusi ambavyo ujanja wao wote ni kuingilia uchaguzi huo.

Tuanze na fumbo lililowasumbua wanasayansi kwa miaka mingi. Chakula kinapoyeyushwa tumboni, vimeng'enya hukata protini bila kutumia nishati ya seli. Kukata ni rahisi, kama ilivyo rahisi maji kuteremka. Lakini mwaka 1953 Melvin Simpson, akichunguza vipande vya ini la panya, aliona jambo la ajabu: ukiinyima seli nishati, uvunjaji wa protini zake za ndani unapungua sana. Kwa nini seli ilipie kazi ambayo tumbo linaifanya bure?

Miaka michache baadaye wengi walidhani jibu limepatikana. Mwaka 1955 Christian de Duve alieleza kuhusu laisosomu, vifuko vidogo ndani ya seli vyenye tindikali na vimeng'enya vikali. Ikaonekana kila protini iliyochakaa huishia humo. Lakini laisosomu hazichagui vya kutosha. Protini mbili zinazoishi katika seli moja zinaweza kutofautiana mno kwa umri, moja ikidumu dakika chache na nyingine siku kadhaa, na mfuko wa tindikali unaomeza kila kinachoingia hauwezi kueleza tofauti hiyo. Isitoshe, chembechembe changa nyekundu za damu hazina laisosomu kabisa, na bado zikitengeneza himoglobini yenye kasoro huivunja mara moja. Mwaka 1977 Alfred Goldberg na Joseph Etlinger, huko Marekani, walionyesha kwamba hata ukizipasua chembechembe hizo na kubaki na maji yake tu, uvunjaji unaendelea, mradi uongeze ATP, sarafu ya nishati ya seli.

Hapo ndipo wanaingia Avram Hershko na mwanafunzi wake Aaron Ciechanover, waliokuwa Haifa, Israeli. Walichukua maji ya chembechembe changa za damu za sungura na kuyagawa mafungu mawili. Fungu la kwanza peke yake halikuvunja chochote. La pili peke yake pia halikuvunja. Walipoyachanganya tena, kazi ikarudi. Kwa hiyo kulikuwa na kitu katika fungu la kwanza ambacho lile la pili lilikihitaji, na shida ni kwamba fungu hilo lilikuwa limejaa himoglobini tupu. Wakalichemsha. Protini nyingi zikichemshwa huganda, kama ute wa yai, na himoglobini yote ikaganda na kuzama. Maji yaliyobaki juu yalikuwa bado yanafanya kazi! Kitu walichokitafuta kilikuwa protini ndogo isiyoharibiwa na moto.

Mwaka 1980, wakishirikiana na Irwin Rose wa Philadelphia, walitoa habari iliyobadilisha fikra. Protini ile ndogo haikati kitu. Inajibandika juu ya protini inayotakiwa kuvunjwa, kwa kifungo imara cha kikemia, tena si moja tu, bali nyingi juu ya protini moja. Mwaka huo huo ilitambuliwa kuwa ni yubikwitini, ambayo ilikuwa imeshagunduliwa miaka mitano nyuma bila mtu kujua kazi yake. Wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2004.

Yubikwitini ina asidi amino 76 tu. Ukilinganisha ya binadamu na ya hamira, utakuta zinatofautiana mahali patatu peke yake, ingawa ukoo wetu na wa hamira ulitengana zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Kitu kinachobaki vile vile kwa muda wote huo ni kitu ambacho uhai hauwezi kukichezea.

Anayeishi kando ya barabara inayopanuliwa anaijua ile alama nyekundu ya X inayopakwa ukutani. Alama yenyewe haibomoi hata tofali moja. Lakini tingatinga likifika, dereva haulizi historia ya nyumba, wala hajui ni ya nani; anatazama alama. Yubikwitini ni alama hiyo. Na kama ilivyo kwa nyumba, swali zito haliko kwa dereva wala kwa rangi, liko kwa aliyeamua ni ukuta upi upakwe.

Uamuzi huo hupitia mikono mitatu. Kimeng'enya cha kwanza, kinachoitwa E1, hutumia ATP kuiamsha yubikwitini iwe tayari kushikamana. Hapa ndipo fumbo la Simpson linapoanza kufumbuliwa: seli hulipia uchaguzi. E1 huikabidhi yubikwitini kwa kimeng'enya cha pili, E2, ambacho aina zake kwa binadamu zinakaribia 40. Kisha inakuja E3, na hapa ndipo nataka msomaji atulie. Aina za E3 ni zaidi ya 600. Kila moja inatambua protini zake maalumu: hii inaijua protini iliyokunjwa vibaya, ile inaijua protini ya mgawanyiko wa seli ambayo muda wake umekwisha, nyingine inaijua protini fulani pale tu inapokuwa imebadilishwa kidogo na kimeng'enya kingine. E3 huishika protini kwa upande mmoja na E2 kwa upande mwingine, na yubikwitini ikahamia kwenye protini ile. Halafu yubikwitini ya pili hubandikwa juu ya ya kwanza, ya tatu juu ya ya pili. Mnyororo ukifika nne au zaidi, ukiwa umeunganishwa kupitia asidi amino ya 48 ya kila yubikwitini, ujumbe wake unaeleweka: vunja.

Si kila alama ina maana hiyo. Minyororo iliyounganishwa kwa namna nyingine huita mafundi wa kukarabati DNA au hubadilisha tu mahali protini inapokaa. Na kuna vimeng'enya karibu mia moja ambavyo kazi yao ni kufuta alama. Uamuzi wa seli unaweza kubatilishwa mpaka dakika ya mwisho.

Protini iliyotiwa alama ya kuvunjwa hupelekwa kwenye proteasomu. Hii ni silinda yenye uwazi katikati, iliyojengwa kwa pete nne, kila pete ikiwa na protini saba. Visu vyote viko ndani. Nje hakuna kitu kinachokata, na mlango wake ni mwembamba kiasi kwamba protini iliyokunjwa kwa umbo lake la kawaida haiwezi kupita. Ndiyo maana protini nzuri zinazoelea jirani hazidhuriki. Juu ya mlango hukaa kifuniko kinachotambua mnyororo wa yubikwitini, kinaubandua ili utumike tena, kisha pete ya vimeng'enya sita inaikunjua protini na kuivuta ndani kama uzi. Kila mvuto unakula ATP, na hii ndiyo nusu ya pili ya jibu la fumbo la 1953. Vinavyotoka upande wa pili ni vipande vya asidi amino 3 hadi 25, ambavyo vimeng'enya vingine huvimalizia.

Vipande vichache haviendi kumaliziwa. Hubebwa hadi juu ya seli na kuonyeshwa nje, ambako seli za kinga za aina ya T huvipapasa zikipita. Seli ikiwa imeingiliwa na kirusi, baadhi ya vipande hivyo vitakuwa vya kirusi, na seli hiyo itauawa. Kwa hiyo kazi ile ile ya kuondoa taka ndiyo inayoliarifu jeshi la mwili kilichomo ndani ya kila seli.

Wanafunzi huniuliza: Mwalimu, si ni uharibifu kutengeneza kitu na kukivunja papo hapo? Huwa nawajibu kwa mfano wa mlima Rwenzori. Katika seli zako kuna protini iitwayo HIF-1α, ambayo kazi yake ni kuwasha jeni za kupambana na upungufu wa oksijeni. Ukiwa umekaa Kampala seli zako zinaitengeneza mfululizo, na kuivunja ndani ya dakika tano hivi. Oksijeni yenyewe ndiyo inayotumika kuibadilisha kidogo, badiliko hilo hutambuliwa na E3 yenye sehemu iitwayo VHL, alama inabandikwa na protini inaondoka. Sasa panda kuelekea kilele cha Margherita, mita 5,109. Oksijeni inapungua, badiliko halifanyiki vizuri, VHL haioni cha kushika. HIF-1α inajikusanya, inaingia katika kiini cha seli, na figo zinatoa homoni ya erithropoietini inayoamuru uboho utengeneze chembe nyekundu zaidi. Kama seli ingesubiri oksijeni ipungue ndipo ianze kujenga HIF kutoka mwanzo, ingechelewa. Inalipa gharama ya kuitengeneza na kuivunja mchana kutwa ili siku ya haja iwe tayari. Ugunduzi wa mfumo huu uliwapa William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Tuzo ya Nobel ya mwaka 2019.

Protini nyingine inayoishi kwa mtindo huo inaitwa p53, na hiyo ndiyo inayotupeleka kwa wagonjwa wa saratani katika hospitali ya Mulago, hapa Kampala. Katika seli yenye afya, p53 hutiwa alama na E3 iitwayo MDM2 na huondolewa ndani ya nusu saa hivi. DNA ikiharibika, p53 hubadilishwa kikemia, MDM2 inashindwa kuishika, na p53 inapanda. Ikishapanda husimamisha mgawanyiko wa seli mpaka DNA ikarabatiwe, na kama uharibifu umezidi, huiamuru seli ijiue. Karibu nusu ya saratani zote za binadamu zina jeni ya p53 iliyoharibika.

Lakini katika saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Uganda, jeni hiyo mara nyingi ni nzima. Imeandikwa vizuri, inasomwa vizuri, protini inatengenezwa vizuri. Na bado seli inakuwa kama haina p53. Hilo lilikuwa gumu kueleza.

Jibu lilianza kupatikana mwaka 1990. Kirusi cha HPV, hasa aina ya 16 na ya 18 ambazo kwa pamoja husababisha kama asilimia 70 ya saratani hii, kina protini ndogo iitwayo E6, yenye asidi amino 150 hivi. E6 haina uwezo wa kukata kitu, wala haina yubikwitini yake. Inachofanya ni kuikamata E3 ya seli yetu wenyewe, iitwayo E6AP, ambayo kwa kawaida haina habari na p53. Vikishashikana, umbo linalopatikana linaweza kuishika p53. Alama inabandikwa, proteasomu inavunja. Kirusi hakikuja na tingatinga wala na ndoo ya rangi; kimekuja na amri ya kughushi, na wafanyakazi halali wa seli wanaitekeleza kwa uaminifu wao wote. Protini nyingine ya kirusi hicho, E7, huondoa kizuizi kingine cha mgawanyiko, kiitwacho pRb. Seli isiyo na p53 wala pRb inaendelea kugawanyika huku makosa ya DNA yakirundikana mwaka baada ya mwaka, na ndiyo maana saratani hujitokeza muda mrefu baada ya maambukizi.

Nimetulia hapa kwa makusudi, kwa sababu maelezo haya yanajibu maswali ambayo kina mama huuliza vituoni. Kwa nini chanjo inapewa msichana mdogo? Uganda ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2015, kwa wasichana wa miaka 10. Chanjo ina maganda matupu ya kirusi, bila E6 wala E7, na hufundisha kinga kukizuia kirusi kabla hakijaingia kwenye seli. Kikishaingia na E6 ikaanza kazi ndani, chanjo haina njia ya kuifikia. Kwa hiyo mama aliyekwisha kuambukizwa anahitaji jambo jingine, yaani uchunguzi, iwe kwa kupaka siki kwenye mlango wa kizazi na kutazama panapogeuka weupe, au kwa kupima DNA ya kirusi, ili sehemu iliyobadilika iondolewe kabla haijawa saratani. Kumwambia dada au shangazi yako kwamba hajisikii mgonjwa hivyo hana haja ya kupimwa ni kumnyima miaka ambayo kirusi kimempa bila kukusudia.

VVU navyo vina mbinu ya namna hiyo. Seli zetu za kinga zina protini iitwayo APOBEC3G, ambayo hujipenyeza ndani ya virusi vipya vinavyotengenezwa, na kirusi kinapoingia seli nyingine huiharibu nakala ya jeni zake kwa kubadilisha herufi baada ya herufi. Ingeachwa ifanye kazi, VVU vingezaa virusi visivyofaa kitu. Lakini VVU vina protini iitwayo Vif. Mwaka 2003 ilionyeshwa kwamba Vif huishika APOBEC3G kwa mkono mmoja na E3 ya seli kwa mkono mwingine. APOBEC3G inapata alama na kuvunjwa kabla haijapanda kwenye kirusi. Protini nyingine ya VVU, Vpu, huitumia E3 tofauti kuondoa CD4, protini ya juu ya seli, ile ile ambayo kirusi huishika kama mlango wa kuingilia. Virusi viwili visivyo na undugu, HPV na VVU, vimefika kila kimoja kwa njia yake kwenye hila moja, jambo linaloonyesha udhaifu wa seli uko wapi.

Wazee wa Rakai na Masaka wanakumbuka jinsi UKIMWI ulivyowakondesha watu katika miaka ya 1980 hata ukaitwa silimu. Mwaka 1985 madaktari wa Uganda na wenzao waliuandika katika jarida la kitabibu kwa jina hilo hilo. Kukonda kwa misuli kunakoletwa na njaa, saratani au maambukizi makali nako hupitia proteasomu: tangu 2001 tunajua E3 mbili za misuli, atrogin-1 na MuRF1, ambazo huongezeka sana nyakati hizo. Mwili unakuwa unajila kwa mpangilio, ukigeuza misuli kuwa asidi amino za kuhudumia viungo vingine.

Kama virusi vinaweza kuingilia mfumo huu, dawa pia zinaweza. Bortezomib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003, huziba visu vya proteasomu. Hutumika kutibu mieloma, saratani ya seli zinazotengeneza kingamwili. Seli hizo hutoa protini nyingi kupita kiasi, kwa hiyo taka zake ni nyingi kupita kiasi, na proteasomu ikizibwa hufa kabla ya seli za kawaida. Thalidomide ina historia ya uchungu zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ilipewa wajawazito kupunguza kichefuchefu, na maelfu ya watoto wakazaliwa na mikono na miguu isiyokamilika. Ilichukua nusu karne, hadi 2010, kujua kwamba hushikamana na cereblon, sehemu ya E3 mojawapo, na baadaye ikathibitishwa kwamba huifanya E3 hiyo iweke alama kwenye protini ambazo isingezigusa. Kwa mimba hilo ni janga. Kwa mgonjwa wa mieloma, dawa za ukoo huo huo, kama lenalidomide, huelekeza alama kwenye protini ambazo saratani inazitegemea, na hurefusha maisha.

Nimeiweka malaria mwisho kwa sababu ndiyo habari ambayo haijafika mwisho. Kimelea cha malaria kina yubikwitini na proteasomu zake. Artemisinini, iliyomo katika dawa mseto tunazomeza, huamshwa na chuma kinachotoka kwenye himoglobini ambayo kimelea kinaila. Ikishaamshwa hujibandika ovyo kwenye protini za kimelea na kuziharibu kwa wingi. Kimelea kinajitahidi kuzitia alama na kuzipeleka kwenye proteasomu, lakini mzigo unazidi, nayo artemisinini inaibana proteasomu yenyewe. Kinakufa kikiwa kimezungukwa na taka zake.

Mwaka 2021 ulitolewa ushahidi kutoka Gulu, kaskazini mwa nchi, wa vimelea vinavyochelewa kuondoka kwenye damu baada ya artemisinini, vikiwa na mabadiliko katika jeni iitwayo Kelch13. Vimelea vya namna hiyo hula himoglobini kidogo katika saa zao za mwanzo ndani ya chembe ya damu. Himoglobini kidogo maana yake dawa kidogo inaamka, protini chache zinaharibika, na proteasomu ya kimelea inaumudu mzigo. Dawa mseto bado zinawatibu wagonjwa wengi kwa sababu dawa ya pili iliyomo ndani humalizia kazi, na ndiyo sababu kubwa ya kutokatiza dozi siku ya pili homa ikishatulia.

Maabara zimeonyesha kwamba ukiongeza kizuizi cha proteasomu pamoja na artemisinini, vimelea sugu hurudi kuwa dhaifu. Ugumu ni kwamba sisi nasi tunaishi kwa proteasomu, na dawa inayoziba zote mbili ingemdhuru mgonjwa. Umbo la proteasomu ya kimelea lilichorwa kwa undani mwaka 2016, na likaonyesha kwamba nafasi inayozunguka visu vyake inatofautiana kidogo na ya binadamu. Kemikali zinazoingia kwenye nafasi ya kimelea na kukataa kuingia kwenye yetu zimeshapatikana katika maabara. Kinachotafutwa sasa ni ile itakayoweza kumezwa kama kidonge, ikadumu katika damu muda wa kutosha, na ikawa salama kwa mtoto wa miaka miwili.